Mwangaza Iko Wapi?

Daktari alinikalisha kwenye kiti kifupi, akanifunika jicho la kushoto, akaniambia niegemeze kidevu kwenye mashine na nitazame mbele tu, bila kuhamisha macho. Ndani ya mashine ile mlikuwa na kitu kama bakuli jeupe, na ndani ya bakuli vimwanga vidogo vingejitokeza, kimoja kimoja, huku na huku. "Kila ukiona mwangaza, bonyeza," alisema, akaniwekea kitufe mkononi. "Usipoona, usibonyeze. Hapa hakuna kushinda wala kushindwa." Nikaanza kucheka. Akadhani naogopa, akanipigapiga begani. Woga ulikuwa bado. Ulikuja baadaye, na karatasi. Nilicheka kwa sababu mchezo ule niliujua tangu nikiwa na miaka minane, na aliyenifundisha alikuwa nyumbani kwetu, hakuvaa koti jeupe.

Karatasi ilipotoka ilikuwa na madoa meusi pembeni, mengi. Presha ya macho, daktari alisema, kisha akauliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kuwa nayo. Nikasema Mama. Ilimwanza lini? Nikasema sijui, nikachukua dawa zangu, nikatoka nje na kusimama juani nimekasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nilikasirika kwa sababu nilijua vizuri sana ilimwanza lini. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa macho yenyewe, na hakuna mtu aliyeniambia.

Tulikaa mtaa wa Hewa Bora, mimi na Mama, vyumba viwili kwenye lupango, yaani ua, moja na majirani wawili. Papa, baba yangu, alishuka kwenye shimo la kuchimba mawe ya madini huko Kambove asubuhi moja na shimo halikumrudisha; mimi nilikuwa bado nafundishwa kutembea. Mama alikuwa fundi wa kushona. Mashine yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa chumba cha mbele, mbali na mlango, kwa sababu mlangoni watoto walikuwa wakipita mbio na kuchafua vitambaa vya watu. Mabati yetu yalinunuliwa yakiwa yametumika, na matundu ya misumari yaliyotobolewa kwenye nyumba za wengine. Mvua ikinyesha tuliweka sahani chini ya kila tundu. Jua likiwaka, matundu yaleyale yaliangusha vimwanga vya duara kwenye saruji, saba, na vikatembea polepole kutoka ukutani mpaka miguuni pa mashine, siku nzima, bila kukosea njia.

Kila asubuhi kabla ya chai Mama aliuliza, "Sada, mwangaza iko wapi?" Hapo lazima nimletee mitatu. Isiwe ya jana. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: usimwambie mwangaza uliouona kwa mbali. "Uende mpaka pale," alikuwa akisema. "Miguu ifike. Uishike, ao uisimamie, njo unakuya kuniambia." Basi nilikwenda. Nilimletea mwangaza wa sikio la mbuzi wa Mama Furaha, jirani yetu, sikio lililokuwa jekundu juani na mishipa yote ikaonekana. Nilimletea mwangaza uliokaa kwenye mvuke wa chai na kuondoka chai ikipoa. Nilimletea ule wa mkono wa sufuria, ule wa majivu yaliyorushwa, ule wa nywele za mtoto aliyetoka kuoga. Alinisikiliza kwa makini huku mikono yake imesimama juu ya kitambaa, na uso wake ulifurahi hata mimi nikajiona mtu mkubwa.

Jioni zilikuwa na mwangaza wake mmoja ambao haukuhitaji miguu. Ndege zilizokuwa zikishuka uwanja wa Luano zilipita juu yetu wakati lupango nzima imeshaingia kivulini, wanawake wanakoroga bukari, ugali wetu, moshi wa makaa umetulia chini. Na huko juu tumbo la ndege bado lilikuwa ndani ya jua, la dhahabu tupu. "Iko wapi? Iko wapi?" Mama aliuliza, kichwa juu, na mimi nilimshika kidevu nikamgeuza. "Pale, Mama!" "Eeeh, naiona," alisema. "Ni muzuri sana." Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu mzima anahitaji kugeuzwa kidevu ili aione ndege inayonguruma juu ya kichwa chake.

Sitaki kumsingizia marehemu. Furaha yake ilikuwa ya kweli, na aliyonipa ni ya kweli mpaka leo. Nikiamka na hasira zangu, nikikuta jua limeingia kwenye glasi ya maji, hasira inapungua na mimi mwenyewe naona haya. Lakini nikiyapanga sasa mambo ya mwaka ule, nasikia baridi mgongoni.

Vile vimwanga saba, kwa mfano. Tulikuwa tukivihesabu pamoja. "Leo iko ngapi?" "Saba, Mama." "Miye naona ine." Siku ya kwanza aliposema vinne nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani ananiachia nishinde, jinsi wakubwa wanavyofanya. Baada ya mvua chache akasema anaona viwili. Nikamwambia, "Acha kunidanganya, mie si mutoto tena!" Akasema haya, basi ameshindwa. Na mimi, mjinga wa watu, nikaenda kujigamba kwa wenzangu kwamba Mama yangu hanishindi hata siku moja.

Halafu miguu yake ikaanza kuwa na alama, chini ya magoti, za kujigonga. Kopo la chumvi likawa na mahali pake, na ole wako ulihamishe hata kwa upana wa kidole. Siku moja nililiacha upande wa pili wa mbabula, jiko letu la makaa, karibu na moto, na Mama akapeleka mkono wake pale lilipokuwa jana, akakosa, akapapasa mpaka kwenye makaa. Hakulia. Aliingiza mkono kwenye ndoo ya maji na kuuacha humo muda mrefu, macho yake yakitazama pembeni kidogo ya uso wangu, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba katika nyumba ile kitu kisihame. Nilidhani ni adabu ya mafundi.

Nje nako walianza kumsema. Mama Furaha alisimama barazani na kusema kwa sauti ya kusikika, "Mama Sada anapitaka tu, hasalimie muntu. Tulimukosea nini? Ama ni kujivuna?" Nilipigana na Furaha kwa ajili ya maneno yale, nikarudi nimechanika mkono wa gauni. Mama alipapasa pale palipochanika, akatafuta sindano. "Baache," akasema. "Baseme najivuna. Ile ni muzuri kuliko…" Hakumaliza. Nami sikuuliza ni nzuri kuliko nini. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyompiga Furaha kesho.

Wakati huo ndipo ulipoanza mchezo wa bobini. Nyuzi zake zilikaa kwenye kopo la biskuti, zimezungushiwa kwenye bobini, za rangi zote, na badala ya kuchagua mwenyewe alinipa mbili mbili. "Peleka kwenye jua, uniambie kila moja inasema nini." Kivulini bluu ya usiku na nyeusi zinafanana, ukizifikisha mlangoni zinaachana. Nilipenda. Nilikuwa nikisimama kizingitini naigeuza bobini, namwambia hii imekuwa kama bilinganya, hii haikubadilika. Wiki ya kwanza niliona ni mchezo. Wiki ya tano nikaona ni kazi, maana hakuchoka kuniita, hata nikiwa katikati ya kucheza. Sikujua kwamba mshono wote wa nyumba ile sasa ulipita machoni pangu.

Kisha akaja Shangazi Mwamini, dada yake Papa. Alikaa Kambove, alikuwa na kikundi cha wanawake na watoto waliokuwa wakimwoshea mawe mtoni. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, na mikono iliyobabuka mpaka kwenye viwiko. Alileta kitambaa cheupe, kizuri sana, cha kanzu ya nikahi ya mwanawe, na alitaka kifua kitariziwe kwa uzi mweupe. Mimi nilitumwa chumba cha nyuma. Nilisimama nyuma ya pazia, kama kawaida.

"Mama Sada," alisema, "banasema siku hizi unashonaka kwa kupapasa."

"Banani?"

"Bantu."

"Bantu banasema mengi."

"Miye sikukuja kugombana." Kiti kililia. "Ndugu yangu aliacha huyu mutoto mumoja tu, na mutoto ni wa kwetu, unajua. Shona kanzu hii. Nitakuya Ijumaa. Ikikuwa muzuri, nitafunga kinywa changu na cha bale bengine. Kama kazi imekushinda, nitaenda na Sada Kambove. Kule kwenye maji hakukosekane kazi ya mikono midogo."

Mama alikivuta kile kitambaa mapajani. Kisha akasema, "Itakuwa muzuri."

Wengine mtasema, basi ulijua, ungekuwa mwangalifu. Lakini nilielewa kitoto. Nilisikia "kazi ikimshinda", na Mama kazi haikumshinda; hakuna aliyeshona kumzidi pale Hewa Bora. Kwa hiyo Shangazi angekuja, angeona haya, angerudi kwao. Niliona vibaya tu mikono yake ile, nikatazama ya kwangu, nikaiweka nyuma.

Jumatano adhuhuri wenzangu walikuwa wakicheza nzango nje, ule mchezo wetu wa wasichana wa kupiga makofi na kurusha mguu, na zamu yangu ilikuwa imekaribia. Mama akaita. Nikachelewa. Akaita tena. Nikaingia nimevimba.

"Bobini mbili hizi," alisema. "Moja ni nyeupe. Ingine ni ile ya manjano ya kufifia, ya kushonea robe ya Mama Furaha. Zipeleke kwenye jua."

Pale nilipokuwa nimesimama, katikati ya chumba, zote zilikuwa nyeupe. Mlango ulikuwa hatua tano hivi. Nje walikuwa wakiimba jina langu. Nikapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, nikasimama, nikahesabu kimoyomoyo muda wa kufika na kurudi, nikarudi.

"Nyeupe ni hii," nikasema, nikamtilia mkononi.

"Umefika kwenye jua?"

"Nimefika."

Mama aliinamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza kitu kilichoanguka chumba kingine. Nikataka kusema, na nje wakaimba tena jina langu. "Basi, muzuri," akasema. "Enda ucheze." Mashine ilianza kunguruma kabla sijafika kwa wenzangu. Siku ile nilicheza vibaya, nikatolewa mapema.

Ijumaa Shangazi alikuja baada ya swala. Mama alikuwa ameipiga kanzu pasi, ameikunja vizuri. Ndani ya nyumba ilikuwa nzuri kweli. Shangazi aliipapasa, akaitikia kwa kichwa, hata akatabasamu. Na mimi nikaanza kupumua. Kisha akatoka nayo barazani, juani, akaikunjua.

Kifua chote kilikuwa na rangi ya jasho la siku nyingi. Tarizi ilikuwa safi, kila jani na kila duara mahali pake, na yote ya manjano, kama nguo iliyovuliwa kwenye mwili wa mgonjwa. Shangazi hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. "Mama Sada," aliita, "kuya huku."

Mama akaja mpaka mlangoni, mkono ukutani. Shangazi alipita ndani, akazichukua zile bobini mbili kwenye kopo, akarudi kusimama jua likiwa mgongoni mwake, akanyoosha mikono. "Nyeupe ni gani?"

Nilikuwa nyuma ya Shangazi, kwenye ngazi. Mama alielekeza uso upande wa pumzi yangu. "Sada," alisema kwa sauti ya kila asubuhi, yenye kicheko kidogo, "mwangaza iko wapi?"

Nikajibu, "Iko kwenye mukono ya kuume ya Shangazi, Mama."

"Mukono ya kuume," Mama akasema.

Shangazi akageuka, akanitazama kwa muda. Hakuwa mjinga. "Sada, enda usimame kule kwenye bomba." Nikaenda. Kutoka kwenye bomba niliona yote. Shangazi aliziweka bobini chini, kimya kimya, mbele ya miguu yake. Akanyoosha mikono yote miwili juani, mitupu, vidole vimepanuliwa. "Haya. Sasa nyeupe iko wapi?"

Mama alisubiri. Alisubiri sauti yangu, na mimi nilikuwa nimefunga mdomo kwa mikono yangu. Akanyanyua kidevu, mwenyewe, bila wa kumgeuza.

"Ya kushoto," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Vimwanga vinne, viwili, kopo la chumvi, ndege, sikio la mbuzi, vyote viliniangukia kwa pamoja nikiwa nimesimama kwenye matope ya bomba. Shangazi alishusha mikono. Akakaa kwenye ngazi, mzito, akaivuta mikono ya Mama kwenye mapaja yake. "Yoo, mulamu wangu," alisema. "Tangu wakati gani?" Na alilia, sitamnyima haki yake. Alilia kweli. Na Jumapili alinichukua kwenda Kambove.

Nilikaa huko misimu miwili ya mvua. Sina hamu ya kuyasimulia yote. Maji ya kuoshea yalikuwa ya baridi na ya rangi ambayo maji hayapaswi kuwa nayo. Ngozi ya vidole vyangu ililainika, ikabanduka, ikawa ngumu. Ulikuwa ukisikia mashimo yakishushiwa kamba, sauti za wanaume zikizama, na kila mara niliwahesabu walioshuka na waliopanda, ingawa hakuna aliyenituma. Jumapili Shangazi alinipa simu. Mama aliuliza swali lake lilelile. Nilikuwa na mwangaza kila mara, niliutafuta wiki nzima: chini ya maji juu ya jiwe la kijani, kwenye mgongo wa beleshi, kwenye jasho la shavu la Shangazi. "Umefika mpaka pale?" "Nimefika, Mama." Na safari zile nilikuwa nimefika. Nilifika hata pale palipokuwa hatari kufika.

Mjomba, kaka yake Mama, aliponirudisha, alikuwa ameshamchukua Mama nyumbani kwake. Mama hakuona tena hata kivuli. Alikaa barazani akibandua karanga, na kiti chake kilitembea na jua tangu asubuhi mpaka jioni. Alinishika mikono, akapapasa vidole kimoja kimoja, mpaka kwenye kucha. Kisha akauliza mwangaza iko wapi, nikamwambia uko kwenye paji la uso wake. "Najua," akasema. "Nausikia."

Nilikuwa mtu mzima, na watu wanasema Mama hana siku nyingi, nilipojikaza nikamwambia. Mama, siku ile ya bobini, sikufika kwenye jua. Nilikudanganya. Nilikuwa nimeibeba miaka yote, nikajiandaa kwa chochote.

"Najua," alisema. "Nilisikia miguu yako. Ilipiga mbili, ikasimama. Haikufika mulangoni."

Nikamwuliza sababu. "Sasa juu ya nini ulishona?"

Alicheka kidogo, akakohoa. "Ningekurudisha, ungeuliza juu ya nini mama anashurutisha hivi. Ungejua haikuwa muchezo. Niliona afadhali kanzu iharibike." Akakaa. "Nilihesabu vibaya, Sada. Nilifikiri Shangazi atagomba juu ya uzi tu. Sikuamini ataendaka na weye kweli."

Hayo ndiyo niliyotoka nayo kwa daktari, pamoja na chupa mbili za dawa ya macho. Zinafanana kwa umbo. Moja ina kofia ya bluu, ya asubuhi, nyingine ya manjano, ya jioni, na daktari alirudia mara tatu nisizichanganye. Mimi nilipofika nyumbani zilikuwa za kijivu zote mbili. Binti yangu Neema ana miaka tisa. Mchezo wa mwangaza anaujua. Nilimfundisha kwa furaha tupu, kabla ya haya yote, na asubuhi zake zina mitatu kama zangu.

Kesho yake asubuhi nilikaa kwenye kochi na chupa mkononi. Alikuwa anavaa viatu vya shule, amechelewa, ananung'unika. "Neema," nikasema kwa ile sauti, na nikaisikia, ile sauti yenye kicheko kidogo, "peleka hii kwenye jua, uniambie kofia inasema nini."

Akaichukua. Hatua moja, mbili. Kimya. Hatua mbili za kurudi.

"Ya bluu, Mama."

"Umefika kwenye jua?"

"Nimefika."

Nyumba yangu ina mabati mapya, hayana tundu hata moja. Nilikaa na ile chupa aliyonirudishia mkononi na nilijua kila neno ambalo Mama angesema, lilikuwa limeshanifika mdomoni: basi, muzuri, enda. Nilitaka sana kulisema. Mtoto alikuwa na furaha yake nzima, haijaguswa, na mimi ndiye wa kuigusa.

"Neema," nikasema, "vua begi, ukae hapa. Mama haoni vizuri. Nilikuuliza kwa sababu sioni."

Begi lilishuka sakafuni. Kisha akaitoa chupa vidoleni mwangu, taratibu, na nikasikiliza viatu vyake kwenye sakafu: mbili, tatu, nne, tano, komeo, mlango.

"Mama," aliniita kutoka nje, sauti imebadilika, "si ya bluu. Ni ya manjano."